Friza inagandisha, chini maziwa yanachacha: ni gesi kweli?

"Shikamoo fundi. Niko Tanga mjini. Nina friji ya milango miwili, friza iko juu, niliinunua ya mtumba miaka mitatu iliyopita. Ni ile ambayo haijazi barafu ukutani. Tangu Ramadhani friza inagandisha kama kawaida, nyama inakuwa jiwe, ila chini maziwa yanachacha siku ya pili na mchicha unanyauka. Nilimwita fundi. Siku hiyo friji ilikuwa imezimwa tangu jana yake, milango wazi, kwa sababu nilikuwa naiosha. Akasema gesi imepungua, akaongeza, nikamlipa elfu themanini. Ikapoa vizuri kama wiki mbili, kisha ikarudi kulekule. Fundi wa pili naye anasema gesi imeisha, anataka elfu tisini. Mume wangu anasema tuwe tunaizima usiku ipumzike. Mimi nauza barafu za ubuyu na ukwaju, nagandisha kama lita kumi kwa siku humohumo. Nitengeneze au ninunue mpya? Nikinunua nichague ipi, na niitunze vipi isinifie tena?"

Marahaba, dada yangu. Pole kwa maziwa, na pole zaidi kwa elfu themanini. Kwenye swali lako kuna sentensi moja ambayo pengine uliiandika kwa kupita tu, nami nimeirudia mara tatu: kwamba fundi alipofika, friji ilikuwa imezimwa tangu jana yake na milango iko wazi. Naamini kilichokupa zile wiki mbili za raha ni huko kuizima na kuiacha wazi. Gesi ilisifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Tuanze na hiyo gesi, maana ndiyo inayowala watu pesa kila siku. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Jikoni gesi inaungua na kupotea. Kwenye friji inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa pande zote: kompresa inaisukuma, inatoa joto kwenye nyavu za nyuma au kwenye kuta za ubavuni, inafika juu kwenye friza, inafyonza joto la chakula, inarudi kwa kompresa kuanza upya. Ni ileile tangu kiwandani, na inaweza kuzunguka miaka ishirini bila kupungua hata gramu. Ikipungua, kuna tundu. Kwa hiyo fundi akikuambia gesi imeisha, muulize swali moja tu: imetokea wapi? Asipokuwa na jibu, na hajatafuta, anachokuuzia ni wiki chache.

Sasa tazama dalili zako. Nyama juu inakuwa jiwe. Gesi ikipungua kweli, friza yenyewe hulegea: barafu inachukua siku mbili kushika, samaki akibonyezwa anabonyea, na kompresa inanguruma mchana kutwa bila kukata. Wewe baridi unayo. Inatengenezwa, ipo juu, tatizo ni kwamba haishuki.

Kwenye friji za namna yako, zile mafundi tunaziita nofrosti, baridi inatengenezwa mahali pamoja tu. Ukiifungua friza ukatazama ukuta wa nyuma, ule wa plastiki wenye matundu, nyuma yake kuna evapareta: bomba lililokunjwakunjwa na kuvikwa mapezi membamba ya alumini. Hapo juu pana feni ndogo inayovuta hewa ipite kwenye hayo mapezi na kuisukuma. Sehemu kubwa ya hewa hiyo inabaki kwenye friza. Sehemu ndogo inashuka kwa njia nyembamba hadi chini, kwenye maziwa na mchicha, halafu inarudi juu. Huko chini hakuna kingine kinachopoza. Chumba kizima cha chini kinaishi kwa upepo wa kugaiwa.

Hewa ya Tanga unaijua, ina maji. Kila ukifungua mlango, unyevu unaingia, na wote unaishia kwenye yale mapezi baridi na kuganda. Ndiyo maana kiwandani wamepanga kila baada ya saa kadhaa za kazi kompresa isimame, hita ndogo iliyo chini ya evapareta iwake kama nusu saa, ule utando uyeyuke, maji yateremke kwa kibomba hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, yakaukie huko kwa joto lake. Unaposikia usiku friji imenyamaza, kisha "ts... ts..." kama tone linaangukia kikaango, ndiyo kazi hiyo.

Hita ikiungua, au ile swichi ndogo ya joto iliyobanwa kwenye evapareta ikafa, au taima, ile saa inayopanga zamu za kuyeyusha, ikakwama, utando hauyeyuki. Unaongezeka kila siku. Baada ya wiki mbili hivi evapareta nzima inakuwa tofali la barafu na njia ya kushuka chini inaziba. Friza bado ni baridi kwa sababu imelala ubavuni pa tofali lenyewe. Chini hakuna upepo. Ukiizima siku nzima milango wazi, kama ulivyofanya, tofali linayeyuka, upepo unarudi, na yeyote atakayekuwa amesimama pale na mtungi wa gesi ataonekana bingwa.

Siwezi kuapa, sijaigusa. Kuna mambo mengine matatu yanayoleta sura hiyohiyo, na mawili unaweza kuyatazama mwenyewe leo. La kwanza ni feni. Fungua friza, tafuta kile kitufe kinachobonyezwa na mlango, kibonyeze kwa kidole kompresa ikiwa inafanya kazi. Usiposikia mvumo wala kuhisi upepo kwenye matundu, feni imekufa au imebanwa na barafu. La pili ni vifuko vyako vya ubuyu. Ukivipanga hadi vikagusa ukuta wa nyuma, umeziba midomo ya upepo kwa mikono yako. Acha nafasi ya vidole vitatu. La tatu ni kilango kidogo cha kugawa hewa kinachokwama. Hicho mwachie fundi.

Na kuna ile swichi ya kuzungusha iliyo ndani ya friza, nimeona watu wengi wakiponzwa nayo. Kwenye friji nyingi za aina hii, swichi ya chini ndiyo thamostati, inayoamua kompresa iwake lini na izime lini. Ile ya juu haiongezi baridi hata kidogo. Inafungua na kufunga njia ya hewa. Ukiizungusha kwenda "baridi zaidi" ili ubuyu ugande haraka, unachofanya ni kuinyima chini hewa. Mtu anaona maziwa yanachacha, anaongeza swichi zote mbili hadi mwisho, na chini kunazidi kuwa vuguvugu. Kama yako iko mwisho, irudishe katikati. Hizo namba nazo, 1 hadi 5 au 7, si nyuzijoto. 7 ni baridi kuliko 1, basi, na kuweka 7 hakufanyi kitu kipoe haraka zaidi, kunaifanya kompresa ichelewe tu kukata.

Kabla hujalipa hata shilingi, fanya jaribio. Hamishia chakula kwa jirani au kwenye ndoo yenye barafu. Chomoa waya ukutani, fungua milango yote miwili, tandika matambara sakafuni, uiache saa 24 kamili. Usimwage maji ya moto, usiingize kisu, na ule ukuta wa nyuma usiuguse. Ukimaliza futa, funga, washa, weka swichi zote katikati, na weka glasi ya maji yenye kipimajoto ndani kwenye rafu ya katikati ya chini. Kesho yake asubuhi soma. Panatakiwa pawe nyuzi 4 au chini yake. Friza yenyewe ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikifika hapo, ikakaa siku kumi au kumi na nne, kisha chini pakaanza kupanda huku friza ikiwa imara, umeshapata jibu: ni mfumo wa kuyeyusha. Ikiwa hata baada ya kuyeyuka vizuri haipoi juu wala chini, hapo gesi au kompresa inaingia kwenye mjadala, na nitamwomba radhi fundi wako.

Fundi akija, aje siku ambayo ugonjwa umesharudi, usiisafishe. Afungue skrubu za ule ukuta wa nyuma wa friza, auvute taratibu, mtazame wote wawili. Barafu ikiwa imetanda evapareta yote sawasawa, kuanzia juu hadi chini, gesi inatosha na hita haifanyi kazi. Ikiwa imeshika pembe moja tu, pale bomba linapoingilia, na sehemu nyingine ni kavu, gesi ni pungufu. Dakika kumi na bisibisi moja. Hita inapimwa kwa mita ya fundi ya kupimia umeme: iliyo nzima inaonyesha omu mia mbili, mia tatu hivi, iliyokatika haionyeshi kitu. Taima za kizamani zina kichwa kidogo cha plastiki kinachozungushwa kwa bisibisi hadi kisikike "tik", kompresa inasimama na hita inapaswa kuanza kupata moto palepale. Hivi ni vipuri vya bei nafuu ukilinganisha na kuongeza gesi kila mwezi, na vingi vya aina moja huingiliana.

Kuna jambo linalonipa wasiwasi kuhusu ile gesi uliyoongezewa. Kama mfumo haukuwa na upungufu, sasa una ziada. Gesi ikizidi, bomba linalorudi kwa kompresa huko nyuma huanza kutoka jasho au kuganda barafu, na kompresa inaweza kumeza kimiminika badala ya mvuke. Kompresa haipendi hilo. Lipapase bomba hilo nene. Likiwa na barafu, mwambie fundi. Tazama pia kibandiko kwenye kompresa. Kikisema R134a ni gesi moja, kikisema R600a na kuchorwa moto kwenye pembetatu ya njano ni nyingine kabisa. R600a inawaka. Ndani ya friji ya nyumbani inakuwa kidogo sana, gramu makumi tu, na haizidi 150, lakini hairuhusiwi kuchomelewa bomba ikiwa bado imo, wala kuchanganywa na nyingine. Inapimwa kwa mizani. Anayejaza kwa kusikiliza mlio au kwa kuangalia geji, yaani kipima msukumo, peke yake anabahatisha, na wapo wanaojaza gesi ya kupikia wakisema ni ndugu mmoja. Mwenye mtungi wa jikoni begani hata mlango usimfungulie.

Sasa shemeji na kuzima usiku. Mweleze kwa upole, maana nia yake ni njema na nusu ya nchi inaamini hivyo. Friji inajipumzisha yenyewe. Sikiliza: inanguruma dakika kadhaa, inanyamaza, inanguruma tena. Thamostati ndiyo inayoipa mapumziko. Ukiizima usiku kwa muda wa saa nane, joto linaendelea kupenya kwenye kuta, na asubuhi kompresa inafanya kazi mfululizo kulitoa lote kwa mkupuo. Unachookoa kwenye LUKU ni kidogo mno, na unachopoteza ni chakula, kwa sababu juu ya nyuzi 5 vijidudu vinaanza kuzaana. Nyama inayoyeyuka nusu kila alfajiri na kuganda tena kila mchana siyo ya kumpa mtoto. Umeme wa TANESCO ukikatika wenyewe ni sawa, hatuna la kufanya. Usiukate kwa hiari.

Na ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri hushikilia ubaridi hadi siku mbili, iliyo nusu kama siku moja. Chumba cha chini ni saa nne tu. Hizo ni hesabu za mlango usiofunguliwa na wenye raba nzima ya kubana, kwa hiyo kwa joto letu mimi hupunguza kidogo. Wenye friza tupu wajaze chupa za maji humo. Zinashika baridi kuliko hewa.

Nije kwenye lita kumi, na hapa nitakuudhi kidogo. Hata ikitengenezwa na malaika, friji hiyo haiwezi. Lita moja ya maji ya ubuyu kutoka nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri inabidi ivuliwe joto la karibu kilojuli 500. Sehemu kubwa ya hiyo si kushuka nyuzi bali ni kugeuka kutoka maji kuwa barafu. Lita kumi ni kilojuli 5,000 kila siku, juu ya joto la kawaida la nyumba. Kigezo cha kimataifa cha friza yenye nyota nne ni kugandisha angalau kilo 4.5 kwa saa 24 kwa kila lita 100 za ukubwa wake. Friza ya juu kwenye friji ya kawaida ina lita 50 hivi. Piga hesabu: kilo mbili na robo. Wewe unaipa kumi. Kompresa haipati nafasi ya kukata, mlango unafunguliwa kila mteja akigonga dirishani, unyevu unaingia kwa mkumbo, na mfumo wa kuyeyusha unazidiwa hata ukiwa mzima.

Kwa hiyo jibu langu la "nitengeneze au ninunue" ni yote mawili, ila si kama ulivyofikiri. Kama jaribio litaonyesha ni hita, swichi au taima, itengeneze hiyo friji, ibaki ya nyumbani. Pesa ya friji mpya ielekeze kwenye friza ndogo ya sanduku, ile inayofunguliwa juu, iwe ya biashara. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua sanduku inatulia mlemle, wakati ya mlango wa mbele inamwagikia miguuni. Kabla ya kulipa, soma kibandiko uone inagandisha kilo ngapi kwa saa 24. Namba hiyo ndiyo mtaji wako, lita za ukubwa zije baadaye. Na ubuyu ukishachemka uache upoe, kisha uingie chini kwenye friji kwanza usiku mmoja. Ukienda kwenye friza ukiwa nyuzi 5 badala ya 30, umeipunguzia sehemu ya tano hivi ya mzigo.

Lakini kama kuna tundu kwenye bomba lililozikwa ndani ya ukuta wa friji, au kompresa imechoka, au mwili umelowa hadi unatoka jasho kwa nje na ukiugonga unasikia maji, iache iende. Nimeshawahi kumpendelea mteja nikachimba ukuta kutafuta tundu. Tulilipata, tukaziba, na baada ya miezi mitano lingine likatokea sentimita kumi kutoka pale.

Ukinunua mpya, friza juu ni chaguo zuri. Ni umbo la zamani, rahisi, na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko zenye milango ya ubavuni za ukubwa uleule. Adha yake ni kuinama kila unapotaka nyanya. Swali kubwa ni nofrosti au ile ya kugandisha barafu ukutani, na mimi kwa nyumba yenye umeme wa kuyumba hupendekeza ya kugandisha barafu. Haina feni, haina hita, haina taima. Vitu vinavyoweza kufa ni vichache, umeme inakula kidogo zaidi, na umeme ukikatika ile barafu ya ukutani inakusaidia. Gharama yake ni jasho lako: barafu ikifika unene wa nusu sentimita, uizime na uiyeyushe. Hapo ndipo kisu kinapoua friji. Ukuta wa friza hizo ndiyo evapareta yenyewe, alumini nyembamba yenye gesi ndani. Ncha ya kisu ikipenya unasikia "fyuuu" fupi, na friji imekufa mkononi mwako. Kila baada ya sikukuu za Idi na Krismasi karakana yangu inapokea mbili tatu za namna hiyo, na wote husema watoto ndio waliofanya.

Kama hutaki habari za kuyeyusha, nofrosti yenye kompresa ya inveta, ile inayobadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima tu, ni tamu: kimya, haistui umeme inapoanza, inatumia kidogo. Ila ina bodi ya elektroniki, na bodi haisamehe umeme unaoruka. Bila kinga ya umeme usiinunue.

Kwenye kibandiko tafuta herufi moja, T. Hiyo inamaanisha imetengenezwa kufanya kazi hadi joto la nyuzi 43 chumbani. N ni mwisho nyuzi 32, na ST ni 38. Jiko la Tanga mwezi wa pili, sufuria ya maharage motoni, nyuzi 32 inapitwa kabla ya adhuhuri. Friji za mtumba kutoka Ulaya, nyingine ni N, au SN ambayo nayo mwisho ni 32. Zilizaliwa kwa ajili ya majiko yenye baridi, na hapa zinakimbia mwaka mzima. Za kutoka Marekani ziogope zaidi, zinataka volti 115. Nyota nazo zipo za aina mbili na wauzaji huzichanganya, wengine kwa makusudi: nyota ndogo zilizochorwa kwenye mlango wa friza zinaeleza ubaridi (moja nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili 12, tatu 18, nne ni 18 pamoja na uwezo wa kugandisha vitu vibichi), nyota za kibandiko cha umeme, kama zile za Kenya za 1 hadi 5, zinaeleza ulaji wa umeme. Friji inaweza kuwa na nne za kwanza na mbili za pili.

Dukani, funga mlango juu ya noti ya elfu mbili, nusu ndani nusu nje, uivute. Ikichomoka kirahisi bila mlango kuishika, raba haibani. Jaribu pembe zote nne. Ikifika nyumbani iache wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na kama ililazwa kwenye gari ngoja siku nzima, ili oili iliyokimbilia kwenye mabomba irudi kwa kompresa.

Utunzaji wake hauna siri. Iweke mbali na jiko na jua la dirishani, iache kiganja kimoja nyuma na pembeni. Kama kuta za ubavu zinapata moto usishtuke, kwenye nyingi ndiko joto linakotokea. Nyavu za nyuma zipigwe brashi kila miezi mitatu, na kwenu karibu na bahari zifutwe chumvi kwa kitambaa kibichi, umeme ukiwa umechomolewa. Raba ioshwe kwa maji ya sabuni, hasa kwenye mikunjo ambako mchuzi wa samaki hujificha. Ukikuta maji chini ya droo ya mboga, kile kitundu cha kutolea maji kimeziba; pitisha mrija wa juisi na maji ya uvuguvugu. Harufu ya papa inatulizwa na bakuli la mkaa uliopondwa. Chakula cha moto kisiingie kikifuka, lakini kisilale mezani pia: kigawe kwenye vyombo vidogo, kikalishe kwenye beseni la maji, kiingie kabla ya saa mbili kupita.

Kinga ya umeme usiikose. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi bado ina msukumo mkubwa upande mmoja, na kompresa ikilazimishwa kuanza inakwama: "tik", kimya, "tik". Friji gadi inasubiri dakika tatu au zaidi ndipo iruhusu umeme, na inakata ukipanda au kushuka kupita kiasi. Haipandishi umeme mdogo lakini. Kama taa zenu hufifia kila jioni, unahitaji stabilaiza. Na uichomeke friji ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba inayogawana na pasi.

Mambo mengine si ya kusoma. Ukishika mlango ukapigwa shoti, hata ndogo, zima swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aangalie ethi ya nyumba, ule waya unaoshuka ardhini. Usivae kandambili ukaendelea. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona soketi imekuwa kahawia, au "tik" hiyo ikirudi kila dakika chache, chomoa na usiwashe tena hadi ikaguliwe. Maziwa yaliyokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili yamwage bila kuyaonja.

Yule fundi wa pili usimfukuze, huenda ni mtu mzuri aliyefuata maneno ya wa kwanza. Mwambie aje wiki mbili baada ya jaribio lako, na kabla hajaunganisha geji, afungue ule ukuta wa friza mbele yako. Skrubu ni mbili au nne, nyingine zimefichwa chini ya vifuniko vyeupe vya plastiki. Akikataa kuufungua, elfu tisini zako zibaki kwenye kibubu cha friza ya ubuyu.